Dola 30,000 za kumkumbuka Mwalimu: tuziweke wapi?

Mwalimu amefariki, hitima imesomwa, na kundi la WhatsApp la wanafunzi wake, lililofunguliwa kwa ajili ya rambirambi, halijafungwa. Mmoja yuko Columbus, mwingine Minneapolis, wawili Houston, wengine wamebaki Malindi. Usiku mmoja mtu akaandika: tusiishie kwenye pilau ya arubaini, tusomesheni watoto wa pale shuleni kwa jina lake. Michango ikamiminika. Miezi minne baadaye kuna dola 30,000 kwenye akaunti ya yule wa Columbus, na huyo mtu hapati usingizi.

Kisa nimekitunga, lakini Mswahili yeyote aliyeishi Marekani miaka mitano atakutajia kundi lake lililofika hapo hapo. Mimi nimeshika daftari la kundi kama hilo, na swali ninaloulizwa sana siku hizi ni hili: kuna kitu kinaitwa wakfu wa jamii, taasisi ya hisani inayotunza mifuko ya watoaji wengi wa eneo moja na kuigawa, karibu kila mji mkubwa wa Marekani unao, kwa nini tusifungue mfuko wetu pale? Jibu langu hutegemea mambo mawili ambayo watu huyaruka wakikimbilia kuuliza ada. Jamii inayotajwa kwenye hilo jina ni ipi? Na fedha zikishaingia, neno la mwisho ni la nani?

Kuziacha zilipo

Njia hii naitaja ili niipite. Fedha zilizo kwenye akaunti ya mtu, machoni pa benki na mahakama, ni za mtu huyo. Akifariki zinaingia kwenye mirathi, akidaiwa zinaweza kukamatwa, ndoa ikivunjika zinaweza kubishaniwa. Waliochanga hawana risiti inayokubalika kwa kodi. Na tangu Januari 1, 2026, anayetuma fedha nje ya Marekani kwa kumpelekea wakala noti taslimu hukatwa kodi ya asilimia 1. Anayetuma kutoka akaunti ya benki au kwa kadi ya benki hakatwi. Kwa mchango wa msiba wa wiki moja, akaunti ya ndugu inatosha. Kwa jambo mnalotaka liishi kuliko ninyi, haitoshi.

Mfuko ndani ya wakfu wa jamii

Tuanze na neno lenyewe, maana lina mtego. Magazeti ya Kenya huandika "wakfu" kila yanapotaja taasisi ya kutoa misaada yenye mtaji wake. Mzee wa Mombasa au wa Unguja akisikia wakfu anaona kitu kingine kabisa: nyumba au shamba lililofungwa kwa ajili ya Mungu, halinunuliwi, haliuzwi, halirithiwi, na mazao yake yanakwenda pale aliposema mwenyewe. Mafakihi wana kanuni yao: sharti la mweka wakfu ni kama andiko la sheria. Ukisema kodi ya nyumba hii inunue mafuta ya taa ya msikiti, ni mafuta ya taa.

Wakfu wa jamii wa Kimarekani ulizaliwa ili kuikimbia hali hiyo. Wa kwanza duniani ulianzishwa Cleveland, Ohio, mwaka 1914, na Frederick Goff, mwanasheria aliyekuwa rais wa benki ya Cleveland Trust. Benki yake ilikuwa ikitunza mali za marehemu waliotoa masharti yasiyo na maana tena, na Goff alitaka kuiondoa sadaka kwenye kile walichokiita mkono wa maiti. Mfano unaotajwa sana katika mambo haya ni wa Bryan Mullanphy, aliyewahi kuwa meya wa St. Louis, aliyefariki mwaka 1851. Aliacha theluthi ya mali yake iwasaidie wahamiaji maskini wanaopitia mjini hapo wakielekea kuishi Magharibi. Kisha reli ikaja, misafara ya magari ya maksai ikaisha, na fedha zikabaki zikiwangoja wasafiri wasiokuja.

Kwa hiyo ukifungua mfuko kwenye wakfu wa jamii, mkataba unakuwa na kifungu kinachoipa bodi ya wakfu uwezo wa kubadilisha lengo la mfuko wako iwapo litakuwa halina haja tena, haliwezekani, au halipatani na mahitaji ya eneo. Wengi husaini bila kukisoma. Binafsi naona ndicho kifungu cha thamani kuliko vyote mle ndani, lakini kwa mtu aliyelelewa na wakfu wa pwani kinaweza kuuma: sharti lako si andiko, ni wasia unaoheshimiwa mpaka siku utakapoonekana haufai. Kama wazee wa kundi lenu hawawezi kulikubali hilo, afadhali wajue leo.

Utendaji wake ni mwepesi. Mfuko wenu si shirika. Ni safu moja katika vitabu vya wakfu, yenye jina mnalotaka. Hamsajili chochote serikalini, hamjazi fomu ya kodi ya kila mwaka, hamlipi mkaguzi. Mnatia saini mkataba wa kurasa chache, mnaweka fedha, na wakfu unaziwekeza pamoja na za wengine. Kila anayechangia hupewa risiti ya kodi na wakfu wenyewe. Kiasi cha kuanzia mara nyingi huwa kati ya dola 5,000 na 25,000, mifuko ya basari ikidai zaidi, na ada ya mwaka huzunguka kwenye asilimia 1 hadi 2.

Lakini "mfuko" si kitu kimoja, na hapa ndipo makundi yetu hujikwaa. Ule unaotangazwa sana ni mfuko wa ushauri: mnatoa fedha, kisha mnaushauri wakfu zipelekwe shirika gani. Wamarekani huuita kwa herufi tatu, DAF, na kila nikilisikia hilo jina naona dafu. Neno la kushika hapo ni *ushauri*. Kisheria fedha ni za wakfu moja kwa moja, nao hubaki na haki ya kukataa. Kwa kawaida haukatai, mradi mnayempendekeza ni shirika la hisani linalotambuliwa. Kuna mfuko wa mlengwa mmoja, ambao kila mwaka humlipa mnufaika yule yule aliyeandikwa. Kuna mfuko wa lengo, kwa mfano elimu ya wahamiaji katika kaunti fulani, ambapo wakfu huchagua wapokeaji. Na kuna mfuko wa basari.

Kwa kundi la Mwalimu, kila mtu ataruka kwenye basari. Subirini kidogo. Sheria ya mwaka 2006 inakataza mfuko wa ushauri kumlipa mtu binafsi, hata kama ni karo ya yatima. Mfuko wa basari unaruhusiwa, ila kwa masharti: kamati ya kuchagua wanafunzi iteuliwe na wakfu, ninyi na jamaa zenu msiwe na udhibiti wa kamati hiyo, na vigezo viwe vya haki na viwe vimepitishwa na bodi mapema. Maana yake katibu wa kundi hawezi kuandika, "Mwaka huu tumpe mtoto wa shangazi Mwanaisha, hali yao ngumu." Na fedha za mfuko wa ushauri zikimnufaisha aliyetoa, au jamaa yake, zaidi ya faida ndogo isiyo na uzito, huyo aliyepata faida au aliyeshauri anaweza kudaiwa kodi ya adhabu ya asilimia 125 ya faida yenyewe. Kwetu, ambako kusaidia huanza na damu, hili lisemwe kikaoni kabla kalamu haijaguswa.

Sasa hesabu. Mkiamua uwe mfuko wa kudumu, yaani mtaji hauguswi, wakfu nyingi hutoa asilimia 4 hadi 5 ya thamani ya mfuko kila mwaka. Asilimia 4 ya dola 30,000 ni dola 1,200. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, ni kama shilingi 154,800. Mwongozo wa serikali ya Kenya uliweka karo ya shule za kitaifa za bweni kuwa shilingi 53,554 kwa mwaka. Kwa hiyo mfuko wa kudumu wa dola 30,000 unasomesha watoto wawili, na wa tatu anapungukiwa kidogo. Kila mwaka, milele, hayo ni kweli; lakini ni watoto wawili.

Linganisha na kuzitumia zote kwa miaka 6. Dola 5,000 kwa mwaka ni karibu shilingi 645,000, ambazo ni karo za watoto 12. Sekondari ya juu katika mtaala mpya ni miaka mitatu, basi mnaweza kuwavusha watoto 12 mwanzo hadi mwisho, kisha wengine 12. Watoto 24 wanaomjua Mwalimu kwa jina, halafu mfuko unafungwa kwa heshima. Ninapolisema hili kuna anayenikatiza kwamba sadaka jaria, ile ambayo thawabu zake huendelea, haifungwi. Simbishii. Ila elimu ya mtoto nayo ni jaria, na haihitaji bodi.

Suala la riba nalo litazuka, na ni la haki. Mitaji ya wakfu hizi huwekezwa kwenye hisa na hati fungani kwa pamoja, na mfuko mdogo mara nyingi hauna nafasi ya kuchagua. American Muslim Community Foundation, iliyoanza mwaka 2016, hutoa mifuko ya ushauri na imejengwa kwa ajili ya watoaji Waislamu, hivyo kundi lenye wasiwasi huo lina pa kuanzia. Na zaka isichanganywe humu: zaka ina wenyewe waliotajwa na hutolewa ikawafikie, haiwekwi kitako iwe mtaji. Anayeleta bahasha ya zaka arudishiwe kwa upole aipeleke inakostahiki.

Limebaki la jamii ipi. Wakfu wa jamii wa Columbus unaijua Columbus. Wafanyakazi wake wanawajua wakuu wa shule za pale, kliniki, nyumba za wazee. Hawaijui Malindi, wala si kosa lao. Kupeleka fedha kwa shirika la nje, wakfu lazima ufuate moja ya njia mbili: kupata uthibitisho wa kisheria kwamba shirika hilo lina hadhi sawa na shirika la hisani la Marekani, au kusimamia matumizi yenyewe, kwa mkataba wa maandishi, ripoti, na fedha kutengwa. Zote zina gharama, na mara nyingi hulipwa na mfuko wenu. Wakfu mwingine hautumi nje kabisa. Kwa ruzuku ya dola 50,000 makaratasi hayo ni kitu kidogo. Kwa dola 1,200 za mwaka, nguo imekuwa ghali kuliko harusi.

Kama watoto mnaotaka kuwasomesha ni wa Waswahili wenzenu walio Columbus, wanaoingia chuo cha serikali cha pale, geuzeni yote niliyosema. Hapo hakuna kinachoushinda wakfu wa jamii. Una kamati, una fomu za maombi zilizo tayari, unazijua ofisi za vyuo, na jina la Mwalimu litakaa kwenye orodha yake miaka yote.

Mfuko wa ushauri wa kampuni ya fedha

Wakfu wa jamii wa New York ndio uliofungua mfuko wa ushauri wa kwanza, mwaka 1931, lakini kilichoueneza ni kampuni za uwekezaji. Fidelity Charitable, iliyoanzishwa na kampuni ya uwekezaji ya Fidelity, ilianza mwaka 1991, na leo unafungua mfuko humo kwa simu ukiwa umejilaza. Haina kiasi cha chini cha kuanzia, na ada yake ya uendeshaji ni asilimia 0.60 ya mfuko au dola 100 kwa mwaka, iliyo kubwa kati ya hizo, mbali na gharama za uwekezaji. Kwa dola 30,000 ni dola 180. Wakfu wa jamii unaotoza asilimia 1.5 ungechukua 450. Kwa bei, wakfu nyingi za jamii hazifui dafu hapa.

Mnachokosa ni mtu. Hakuna ofisa atakayewaambia kwamba shirika mlilopendekeza limebadilisha uongozi mara tatu kwa miaka miwili. Hakuna kamati ya basari. Mmepata pochi ya sadaka, nzuri sana kwa mtu mmoja mwenye hisa zilizopanda bei: anazitoa zikiwa hisa, halipi kodi ya faida ya ongezeko, kisha anagawa polepole miaka inayofuata. Kwa mhandisi wa Houston mwenye hisa za mwajiri wake, hii ndiyo njia. Kwa kundi la watu 60 wanaochanga dola 50 kila mwezi, sioni inawasaidia nini.

Tena ina kasoro moja ya kodi inayowagusa hao hasa. Wengi wetu hatuorodheshi makato tunapojaza kodi; tunachukua kato la kawaida, yaani kiasi maalumu kinachoondolewa kwenye mapato kabla ya kodi, ambalo kwa mwaka 2026 ni dola 16,100 kwa asiye na mwenzi na 32,200 kwa wanandoa wanaojaza pamoja. Tangu mwaka 2022 mpaka 2025 mtu wa namna hiyo hakupata chochote kwa mchango wake. Kuanzia 2026 anaruhusiwa kukata mchango wa fedha taslimu hadi dola 1,000, wanandoa 2,000. Lakini sheria imeutoa mfuko wa ushauri: ukichangia DAF, unafuu huo huupati. Katazo linaulenga mfuko wa ushauri, si kila mfuko ulio ndani ya wakfu wa jamii. Kwa hiyo kundi la wachangiaji wadogo, hata likienda wakfu wa jamii, lisikubali kuwekwa kwenye mfuko wa ushauri kwa sababu tu fomu yake ndiyo fupi. Liulizie wa lengo, wa mlengwa mmoja au wa basari. Tofauti hiyo hiyo humgusa mzee aliyefikisha miaka 70 na nusu mwenye akaunti ya kustaafu ya IRA: anaweza kutoa sadaka moja kwa moja kutoka humo bila kutozwa kodi ya mapato, ikienda mfuko wa basari au wa lengo, lakini si wa ushauri.

Shirika lenu wenyewe

Hii ndiyo njia tunayoipenda, kwa sababu ina mwenyekiti.

Mnasajili shirika katika jimbo, mnaandika katiba, mnachukua namba ya mwajiri, kisha mnaomba hadhi ya hisani kwa mamlaka ya kodi. Ombi kamili ni dola 600; lile fupi, kwa wanaotarajia mapato yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka na mali isiyozidi 250,000, ni dola 275. Mkishinda, neno la mwisho ni lenu kweli: mnachagua shule, mnachagua watoto kwa utaratibu mliouandika, mnatuma fedha Kenya mkiwa na mkataba na risiti, mnarudi kuomba zaidi.

Sasa niseme yaliyotupata. Shirika letu lilikuwa na mapato madogo kiasi kwamba fomu yetu ya mwaka ilikuwa ile ya kielektroniki ya maswali machache, mtu anaimaliza chai haijapoa. Katibu akahamia jimbo jingine, barua pepe ya shirika ilikuwa yake, kila mmoja akidhani mwenzake amejaza. Miaka mitatu mfululizo ikapita. Sheria haina mjadala hapo: miaka mitatu bila fomu, hadhi inafutika yenyewe. Hatukuiba hata senti. Tulijua siku mfadhili alipotutafuta kwenye orodha ya mamlaka ya kodi na kutukosa. Kurudi ilibidi tuombe upya na kulipa upya, na yule mfadhili hakusubiri.

Kuna na la fedha kutoka wapi. Zikitoka kwa watu wengi mnahesabiwa shirika la umma. Zikitoka kwa familia moja, mnakuwa taasisi binafsi ya hisani, na hiyo ina dunia yake: kutoa walau asilimia 5 ya mali kila mwaka, kodi ya asilimia 1.39 ya mapato ya uwekezaji, fomu ndefu ya kila mwaka inayosomwa na yeyote, na marufuku kali ya biashara kati ya taasisi na wenyewe, hata kama bei ni ya haki. Anayeorodhesha makato anaruhusiwa kutoa fedha taslimu hadi asilimia 60 ya mapato yake kwa shirika la umma au wakfu wa jamii. Kwa taasisi binafsi ni 30. Majimbo mengi pia hutaka usajili tofauti kabla ya kuomba umma michango. Kwa dola 30,000, mhasibu ndiye atakayefaidi.

Kuzipeleka nyumbani

Njia ya nne husahaulika kwa sababu tuko mbali. Kenya ina wakfu wake wa jamii: Kenya Community Development Foundation, ulioanza mwaka 1997 kwa msaada wa Ford Foundation na wa Aga Khan Foundation, ukasajiliwa mwaka 2001. Kazi yake moja kubwa imekuwa kuyawezesha makundi ya wananchi kujenga mifuko yao ya kudumu na kuwatunzia mitaji. Humo jamii inayotajwa kwenye jina ni ya kwetu. Hakuna haja ya kumweleza mtu bweni ni nini, wala kwa nini mtoto aliyefaulu anakaa nyumbani mwezi wa kwanza kwa kukosa godoro na sanduku.

Hasara ni mbili. Ya kwanza, risiti ya shirika la Kenya haikupi unafuu wa kodi ya Marekani. Kama wengi wenu mnachukua kato la kawaida, mnachopoteza ni kile kipya cha dola 1,000. Pigeni hesabu kabla ya kulia. Yapo mashirika ya Marekani yanayofanya kazi ya wakala: hupokea mchango, hutoa risiti, kisha hufikisha fedha kwa shirika la nje lililochunguzwa. GlobalGiving na CAF America ni mawili yanayojulikana, na yana ada yake.

Ya pili ni shilingi. Mwaka 2019 dola ilikuwa kama shilingi 100. Januari 2024 ilivuka 160. Katikati ya mwaka huo ikarudi karibu na 129 na kutulia. Aliyebadilisha dola zake zote Januari na aliyebadilisha Julai hawakusomesha idadi moja ya watoto. Upande wa pili, hati fungani za serikali ya Kenya kwa miaka mingi zimelipa riba ya tarakimu mbili, ambayo mtaji wa dola hauioni ndotoni, na karo hulipwa kwa shilingi. Mimi ningegawa: sehemu ya miaka miwili mitatu ijayo iende shilingi, iliyobaki ikae dola.

Zikiwekwa bega kwa bega

| | Wakfu wa jamii wa Marekani | DAF ya kampuni ya fedha | Shirika lenu | Wakfu wa Kenya |
|---|---|---|---|---|
| Kuanzia | mara nyingi dola 5,000–25,000 | hata sifuri | ada ya dola 275 au 600, na za jimbo | kwa makubaliano |
| Makaratasi ya mwaka | yao | yao | yenu | yao |
| Neno la mwisho | bodi ya wakfu | kampuni, ninyi mkishauri | ninyi | bodi ya wakfu |
| Kumlipia mwanafunzi | ndiyo, kupitia mfuko wa basari | hapana | ndiyo, kwa utaratibu ulioandikwa | ndiyo, kwa utaratibu wao |
| Kufika Malindi | kwa taabu | kwa taabu | rahisi, mkitunza kumbukumbu | ndipo ilipo |
| Risiti ya kodi Marekani | ndiyo | ndiyo, ila si kato la dola 1,000 | ndiyo | hapana, ila kupitia wakala |

Jedwali linaionyesha mistari ikiwa sawa, na haiko sawa. Kwa kundi la Mwalimu ningepuuza mistari yote isipokuwa wa tatu na wa tano. Watoto wako Malindi, kundi lina watu 60 wenye kazi za zamu, na hakuna anayetaka kuwa katibu mwaka wa saba. Ningezipeleka wakfu wa Kenya kupitia wakala wa Marekani, kwa mfuko wa kutumika miaka 6, si wa kudumu. Wakifika mwaka wa nne na michango bado inaingia, hapo wazungumze habari ya kudumu.

Fedha zingekuwa 300,000 na watoaji familia tatu, ningebadili. Hapo wakfu wa jamii wa Marekani unaotuma nje unastahili kupigiwa simu, kwa sababu gharama ya uthibitisho inamezwa na ukubwa wa ruzuku, na asilimia 4 ni dola 12,000. Shirika lenu wenyewe ningelichagua kwa hali moja tu: mna kazi ya kufanya, si fedha za kugawa. Mnapeleka walimu likizo, mnajenga maabara, mna mtu wa kulipwa mshahara. Kugawa karo peke yake hakuhitaji mwenyekiti.

Mkipiga simu wakfu wowote, msianze na ada. Ulizeni kama umewahi kulipa shule ya nje ya nchi miaka mitatu iliyopita, na ilichukua wiki ngapi. Ulizeni mfuko unaopendekezwa ni wa ushauri au si wa ushauri. Ulizeni nani hukaa kwenye kamati ya basari, na kama mwanafunzi mmoja wa Mwalimu anaweza kuwamo akiwa na kura moja kati ya tano. Ombeni mkataba mtupu mwusome nyumbani, na yule ndugu mwenye macho makali autafute mstari wa bodi kubadili lengo.

Na zile 30,000 zilizo kwa yule ndugu wa Columbus: akiziandikia hundi moja kwenda kwenye mfuko, risiti itatoka kwa jina lake peke yake. Awarudishie wenye michango mikubwa, kila mmoja alipe mwenyewe, kabla ya tarehe 31 Desemba.